Pijo Isiyokwisha

Jumatano, 2 Septemba 1992

Mwaka mmoja, miezi mitatu na siku nne tangu nitoke Kiomboi. Nimekwangua kutu kwenye sakafu ya gari tangu asubuhi hadi saa kumi. Nikitema mate ni mekundu. Mgongo unauma palepale pa magunia.

Naandika tarehe ili zisinipotee. Nilipokuwa Mbeya napakia magunia, mwezi mzima ulinipita nikidhani ni Machi kumbe Aprili. Shule niliishia darasa la tano, lakini kuhesabu siku najua.

Gari ni Pijo 404. La Mzee Mwasalemba, hapa Kyela, barabara ya Itungi. Alilinunua alipokuwa migodini Zambia, akaja nalo mwenyewe. Miaka ile petroli ilipokosekana na vipuri havionekani, akaliingiza kwenye banda la bati, akalivua magurudumu. Kuku wametaga ndani miaka kumi na miwili. Siku hizi kila kitu ruksa, vipuri vinavuka mto Songwe mpakani juu ya baiskeli, naye anataka aliendeshe tena kabla hajafa. Ndivyo alivyoniambia aliponikuta stoo ya mpunga, akasikia kwamba nilishika spana miaka sita kwenye karakana ya serikali mpaka tulipopunguzwa.

Mapatano: Pijo iende Itungi bandarini na kurudi bila kusukumwa, mzee kwenye usukani. Siku hiyo sanduku lake la spana linakuwa langu. Lote. Nimelifungua nikaona. Spana za migodini, hata Mbeya hazipo. Nikiwa na sanduku lile nafungua banda langu Kiomboi, sibebi tena gunia la mtu.

Ijumaa, 4 Septemba

Barua ya mke wangu. Kaka yangu anasema aliyeondoka hana shamba. Mvua za kwanza zikinyesha sijaonekana, shamba langu atalilima yeye. Namjua. Akishalima msimu mmoja atasema baba alimpa yeye.

Mvua za kwetu ni mwisho wa Novemba. Kwa hiyo Pijo lazima iende Itungi kabla ya hapo. Nimeandika hapa ili nisijidanganye.

Jumatatu, 7 Septemba

Mji wa mzee una watu wawili tu. Mzee anakaa nyumba ya mbele. Nyumba ya nyuma anakaa mkwewe, Tumpe. Katikati migomba. Mke wa mzee alikufa mwaka juzi. Mtoto wake, mume wa Tumpe, anaendesha trekta kwenye mashamba ya miwa Kilombero, huja Krismasi. Mimi nalala stoo, kando ya magunia ya kokoa.

Hawa wawili hawasemezani. Tumpe anapika, ananipa sahani mbili. "Kaka, hii yako, hii ya kule mbele." Hamtaji. Mzee akishakula ananiambia, "Waambie huko nyuma, ndaga." Ndaga ndiyo asante yao. Waambie akina nani? Yuko mmoja.

Pana ugomvi. Siulizi. Kuuliza kulinifukuzisha kazi mara moja.

Alhamisi, 10 Septemba

Pistoni zimeganda. Nimemimina dizeli kwenye matundu ya plagi, nimeacha ilowe. Mzee anakaa kwenye kigoda karibu na bampa ananitazama. Anaongea. Migodi, Wazambia, mabosi, treni, hoteli aliyolala mwaka alionunua gari. Anaongea tangu chai hadi chakula cha mchana. Masikio yananiuma kuliko mgongo.

Leo nimeona kitu. Tumpe alikuwa anavuka uwanja na ndoo ya maji. Mzee akakohoa akitoka chooni. Tumpe akaiacha ndoo ikamwagika, akavuta kanga mpaka machoni, akaingia migombani mbio kama anayefukuzwa na nyuki. Mtu asiye na kosa hakimbii hivyo.

Jumatatu, 14 Septemba

Injini imezunguka kwa mkono. Nzito, lakini imezunguka. Mzee alivua kofia. Nimefurahi. Kisha nikaona amenyamaza, na saa nzima hakusema kitu. Nikadhani anaumwa.

Jumamosi, 19 Septemba

Kifuniko cha rejeta hakipo. Jana nilikifunga kwa mkono wangu. Kuku hawali chuma.

Nimemwambia mzee. Akasema, "Watu wa siku hizi, fundi." Akatikisa kichwa. Akanihadithia mwizi mmoja wa migodini mpaka uji ukapoa.

Jumanne, 22 Septemba

Nimepata kifuniko kingine mjini, kwa Salumu. Salumu ana duka la vipuri sokoni Kyela. Babu yake alitoka Kilwa, lakini yeye kazaliwa hapa, Kinyakyusa anakisema kama wenyewe. Ananiita Mnyiramba kana kwamba ndilo jina langu.

Nilikigeuza kile kifuniko, nikitafuta mkwaruzo niliouweka kwenye cha kwanza. Akaniona.

"Kinuse basi, Mnyiramba. Kikiwa na harufu ya mzee wako, chukua bure."

Watu dukani wakacheka. Hakikuwa na mkwaruzo. Bado simwamini. Anayefaidika kitu kikipotea ni yeye.

Jumatatu, 28 Septemba

Rota ya distributa imetoweka. Kitu kidogo, kinafichika kiganjani, lakini bila hicho gari haliwaki hata ukeshe. Mwizi angekuwa mlevi wa pombe tu angebeba betri. Huyu anajua gari.

Tumpe ni mke wa dereva wa trekta. Mke wa dereva husikia maneno ya dereva.

Jumamosi, 3 Oktoba

Safari hii ni jeti ya kabureta. Niliisafisha, nikaiweka juu ya kitambaa, nikaenda kunawa. Niliporudi kitambaa kilikuwepo, kimekunjwa vizuri. Mzee alikuwa amelala usingizi wa mchana, mlango wake umefungwa. Tumpe alikuwa uani anatwanga. Wengine hakuna.

Siku sita zimepotea kwa rota. Jeti Salumu hana, ameagiza ng'ambo ya Songwe. Wiki nyingine hiyo. Nimekaa juu ya tofali bila kazi, mikono mapajani, mzee ananisimulia safari ya Ndola. Alikuwa na furaha. Mtu anaibiwa gari lake kipande kwa kipande, ana furaha. Uzee.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimekwenda kuulizia jeti. Nimemkuta Tumpe anatoka kwa Salumu, kikapu kimefunikwa jani la mgomba. Aliponiona akainama. Nikamuuliza Salumu amekuja kufanya nini. Akasema kaleta mawese, nyumbani kwake wanapikia mawese ya Tumpe mwaka mzima.

"Una wivu, shekhe? Mume wake ana miguu mirefu, atafika kabla hujamaliza salamu."

Mawese juu, na chini ya mawese nini?

Nimekasirika siku nzima. Siyo kwa ajili ya gari la mzee. Kwa ajili ya shamba langu. Huyu mwanamke ananilimia shamba langu kwa mikono ya kaka yangu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Jeti imefika. Nimeifunga. Nimefanya mtego.

Nimechukua rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nimeichanganya na oili chafu ili isikauke. Nimepaka chini ya kifuniko cha distributa na nyuma ya kabureta, mahali jicho halifiki ila vidole vinafika. Sabuni haiitoi. Petroli ndiyo inaitoa, na petroli yote nimeifungia stoo, ufunguo shingoni.

Sikumwambia mzee. Angeropoka.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimefanya jambo baya. Naliandika kama lilivyokuwa.

Asubuhi rota haikuwepo tena. Rangi imevurugwa, alama za vidole wazi. Nikaenda uani. Tumpe alikuwa anasonga ugali. Vidole vyekundu hadi kwenye viganja. Sikuuliza. Nilimshika mkono, nikamwambia twende kwa mzee ukaeleze. Akasema, "Kaka, niache, niache, siwezi kwenda kule." Nikasema najua huwezi. Nikamvuta. Alishika mgomba, jani likachanika. Kanga ikaanguka. Nikamburuta mpaka uwanjani, mbele ya kigoda, nikasema, "Mzee, huyu ndiye mwizi wako, tazama mikono."

Mzee hakutazama. Alijifunika uso kwa kofia, akageukia ukuta wa banda, paji la uso kwenye bati. Akapiga kelele kwa Kinyakyusa, neno moja nisilolijua, tena na tena. Tumpe alianguka chini, akajifunika kichwa kwa mikono yake ile myekundu. Majirani wawili waliokuwa wakipita na mikungu ya ndizi waliitua. Hawakunisaidia kumshika. Walinitazama kama nimevua nguo.

Nikamwachia. Akakimbia.

Mchana sikuletewa chakula, wala mzee. Jiko la Tumpe limefungwa. Jirani mmoja amesema kaenda kwao, Ipyana.

Nimemkamata mwizi. Mbona najiona mimi ndiye niliyekamatwa?

Alhamisi, 15 Oktoba

Mzee hakutoka nje. Nimemchemshia magimbi. Amepokea bila kusema. Huyu mtu aliyekuwa hanyamazi.

Ijumaa, 16 Oktoba

Amekuja dada yake mzee, Bibi Kisa. Mwembamba, ana sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Hakunisalimia. Alinisimamisha mbele ya Pijo.

"Wewe ni mtu wa wapi? Kwenu mkwe na baba mkwe wanatazamana tu, kama mbuzi zizini?"

Nikasema kwetu wanasalimiana.

"Basi kwenu ni kwenu."

Akanieleza, na kila alichosema kilinichoma. Hapa mwanamke akishaolewa haonani na baba mkwe. Hamtazami, hamtaji jina, hapiti njia moja naye, hakanyagi mbele ya kiti chake. Mzee naye hukohoa kabla ya kutoka, ili mkwewe apate nafasi ya kupisha. Kukimbia kule hakukuwa kosa. Ilikuwa heshima. Mimi nimemchukua mwanamke mwenye adabu nikamtupa kichwa wazi miguuni pa mtu ambaye kwa miaka kumi hajamwonyesha uso.

Nikasema, na mikono myekundu je?

"Mawese, mwanangu. Alikuwa anakamua mawese. Hujaona pipa lake uani?"

Pipa nimeliona kila siku.

Nikamuuliza zamani chakula kilifikaje kwa mzee. Akasema kililetwa na marehemu mke wa mzee, kisha na mjukuu, mpaka mjukuu akapelekwa shule Tukuyu Januari. Baada ya hapo Tumpe alikuwa akikiacha kwenye kisiki migombani, anaondoka, mzee anakwenda kukichukua. Mara nyingi kuku waliwahi.

Jumapili, 18 Oktoba

Tumekwenda Ipyana, mimi na Bibi Kisa. Jogoo mkononi na kitenge kipya. Zamani ingekuwa ng'ombe, Bibi amesema, na nishukuru nimekosea siku hizi.

Nilipiga magoti mbele ya baba yake Tumpe. Tumpe mwenyewe alikuwa ndani, nilisikia anakohoa. Niliomba radhi. Baba yake alipokea jogoo, alipokea kitenge. Kisha akasema polepole, Kiswahili safi:

"Mkono wa binti yangu una mawese. Mke wangu naye ana mawese. Mimi hapa, tazama kucha. Utatufunga wote?"

Nikasema hapana, baba.

"Radhi nimeipokea. Lakini umemwita mwizi mbele ya watu, na watu hao wana midomo. Mwizi yupo. Mleteni hapa uwanjani aseme kwa kinywa chake. Siku hiyo binti yangu atarudi kupika. Kabla ya hapo hapana."

Ni haki yake. Lakini mwizi nimtoe wapi? Nimerudi nikihesabu. Siku arobaini na tatu mpaka mwisho wa Novemba, mvua za kwetu. Gari halina rota. Nyumba haina mpishi. Mzee haongei.

Jumatano, 21 Oktoba

Nimempelekea mzee chai. Alipokea kikombe kwa mikono miwili. Kwenye kucha ya dole gumba, pembeni, uwekundu. Na kwenye pindo la mkono wa shati, alama mbili.

Mzee hapiki. Mzee hagusi mawese.

Nilikwenda stoo, nikalowesha kitambaa petroli, nikakiweka gotini kwake. Alikichukua. Kisha akaanza kujifuta kidole kimoja kimoja, kama mtu anayenawa kabla ya kula.

Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati la marehemu mkewe. Akafungua. Kifuniko cha rejeta. Rota mbili. Jeti. Kila kimoja kimefungwa kitambaa safi na kupakwa mafuta. Wala hakuuza hata kimoja.

"Ukimaliza unaondoka," akasema.

Nikasema ndiyo mapatano.

"Mapatano niliyaweka mimi, nayajua." Akafunga sanduku, akalifungua tena. "Tangu Januari mpaka ulipokuja, humu sikuambiwa neno. Ningemwita nani? Huyu wa nyuma siruhusiwi. Nilikuwa naongea na kuku, fundi. Kuku hawajui Ndola iko wapi."

Nilikasirika vibaya. Nilimwambia nina mke. Nina shamba linaloondoka, na yeye ameniibia siku ishirini ambazo haziuzwi kwa Salumu. Nikamwambia: na mkweo uliacha aitwe mwizi, umekaa ndani siku saba na mkono mwekundu mfukoni.

Akaweka kofia usoni.

Nimemchukia leo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifikiria kubeba spana na kwenda. Sanduku la bati la vipuri liko wazi, sanduku la spana liko wazi, yeye ameficha uso. Ningeweza. Nilikaa stoo mpaka hasira ikachoka.

Alhamisi, 22 Oktoba

Asubuhi mzee amenikuta bandani. Amesema maneno machache, safari hii. Amesema safari ya kwanza ya Pijo haitakuwa Itungi. Itakuwa Ipyana. Atakwenda mwenyewe kusema.

Nikamwambia Tumpe yuko kule, utafikaje uwanjani kwao?

Akasema ndiyo maana anahitaji gari.

Sikumwelewa, na simwamini. Huenda ni njia nyingine ya kunichelewesha. Nimeanza kulala na rota mfukoni.

Jumatatu, 26 Oktoba

Imewaka. Mara ya nne ya hendeli. Moshi mweusi, kisha wa bluu, kisha hakuna moshi, mlio tu. Kuku wote wamehamia kwa jirani. Mzee aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo mpaka ikapata moto.

Vipuri vyote vipo. Nahesabu asubuhi na jioni.

Jumatano, 4 Novemba

Breki zimeshika. Klachi inaachia. Bodi nimeinyoosha kwa nyundo na gogo, puti nimepaka kidogo tu, sipendi gari la udongo.

Leo nimepiga rangi ya maziwa, kama ya kwanza. Saa nane nikaona moshi umesimama juu ya ziwa, mweusi, unakuja na upepo. Nikadhani meli inaungua. Kumbe wadudu wa ziwani. Wakatua. Pijo nzima imeota manyoya. Majirani walikuja na vikapu kuwakusanya, maana hapa wadudu hao wanaliwa, wakanicheka, na mzee akacheka, na mwishowe mimi pia. Kisha nikakumbuka tarehe.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimepiga msasa siku tatu. Nimepaka upya alfajiri, upepo umelala. Safi.

Mzee anaosha magurudumu mwenyewe. Tunakula magimbi na chai, siku zote. Bibi Kisa huleta samaki anapokumbuka.

Jumamosi, 14 Novemba

Tumekwenda Ipyana.

Mzee kwenye usukani, shati jeupe, tai ya migodini. Mimi kando, Bibi Kisa nyuma. Alikosea gia mara mbili, kisha mikono ikakumbuka. Watu walitoka barabarani. Hatukusukumwa.

Kufika kwa baba yake Tumpe, mzee hakushuka. Alisimamisha gari nje ya uzio, akapiga honi mara moja, ndefu. Ndipo nikaelewa. Honi ilikuwa kikohozi chake. Ndani nilisikia mlango wa nyuma ukifungwa. Tumpe amepisha. Mzee akateremsha kioo.

Baba yake Tumpe alikuja mpaka dirishani. Majirani nao, na wale wawili wa mikungu ya ndizi, sijui nani aliwaita. Mzee alivua kofia, akasema kwa sauti, kwa Kinyakyusa kwanza, kisha kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Mwizi wa vipuri ni mimi. Nimemwibia fundi, na gari ni langu. Nilitaka asiondoke. Binti yenu mikono yake ni safi."

Kisha baba yake Tumpe akasema, "Ungeniambia, ningekuja tuongee. Nina baiskeli."

Hapo wakacheka wote, na mzee akajifuta macho kwa tai.

Sasa kurudi. Tumpe hawezi kupanda gari moja na mzee. Ndipo baba yake Tumpe akatoa baiskeli. Mzee akakaa kwenye karia, tai na yote, miguu imening'inia, wakaondoka. Mimi nikashika usukani, Tumpe na Bibi Kisa nyuma, mkeka mpya umetandikwa kitini.

Nikataka kuondoka. Bibi akanipiga begani. Mkwe hapiti mbele ya baba mkwe barabarani. Tukakaa uwanjani, injini imezimwa, saa nzima na zaidi, tukiipa baiskeli nafasi ya kufika. Gari nililolitengeneza kwa miezi miwili na nusu limeshindwa na baiskeli ya mtu mzima aliyebeba mtu mzima.

Nikamwomba Tumpe radhi tena, bila kugeuka. Akasema, "Kaka, ulinichania jani la mgomba. Ule ulikuwa una mkungu." Nikasema nitamlipia mkungu. Akasema, "Utakula ugali usio na mboga, siku tatu." Bibi akasema siku tano.

Jumanne, 17 Novemba

Itungi na kurudi. Mzee kwenye usukani. Bandarini palikuwa kimya, meli haipo, vijana wachache wanaanika dagaa. Tulikaa dakika chache tukitazama maji. Hakunihadithia kitu. Tulirudi.

Amenipa sanduku la spana akiwa wima, kwa mikono miwili. Zito. Nimehesabu spana zote, mbele yake. Hakuchukia. Alisema hata yeye angehesabu.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimefunga mzigo. Salumu anasema amesikia redioni kwamba Dodoma mvua bado. Sijui ni kweli au ananipoza. Kaka yangu namfikiria kila ninapofunga kamba.

Mchana nimekaa stoo, mlango wazi. Tumpe amepeleka chakula migombani mwenyewe, akagonga sufuria mara mbili kwa mwiko, akaondoka. Mzee amekwenda kuchukua. Kuku hawakuwahi. Baada ya muda nimesikia honi ya Pijo, fupi, mara moja. Maana yake ndaga. Tumpe akajibu kwa sufuria. Mzee akapiga tena. Sufuria tena. Wameendelea hivyo muda, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunyamaza.

Betri haitafika Krismasi. Nimemwonyesha mzee namna ya kuwasha kwa hendeli bila kuvunja mkono, na baba yake Tumpe ameahidi kuja kila Jumapili na baiskeli yake kusikiliza habari za Ndola.

Kesho alfajiri napanda basi la Mbeya. Kisha Iringa, Dodoma, Singida. Natarajia kufika nyumbani Alhamisi, tarehe 26, jioni, kwa miguu kutoka Kiomboi stendi kama sitapata lori. Ijumaa asubuhi nitakuwa shambani.